Ndege wa uani: simu, darubini, kamera ya kuvuta au lenzi ndefu?

Picha ya kumtambua ndege na picha ya kutundika ukutani hazidai vifaa vilevile, na fedha nyingi hupotea kwa kutolijua hilo mapema. Mtu anataka tu kujua yule mweusi anayetua kwenye waya wa umeme kila asubuhi ni nani. Anaulizia kamera, anaambiwa bila lenzi ya milimita 600 asijisumbue, anasikia bei, anaghairi. Mwingine ananunua kweli, kisha lenzi inakaa kabatini kwa sababu ina uzito wa karibu kilo mbili na ndege haji kwa miadi.

Hapa ninalinganisha vifaa vya kupigia picha, kisha njia za kulipata jina la ndege, kwa mtu mwenye ua, kibaraza, au hata dirisha la ghorofani katika miji yetu. Mifano mingi ni ya pwani kwa kuwa ndiko ninakoishi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: darubini (ya macho mawili) inatangulia kamera yoyote, kwa kamera, ile ya kuvuta yenye lenzi moja isiyobanduka ndiyo inayowafaa wengi, na hakuna programu ya simu inayostahili kuachiwa neno la mwisho.

Kipimo ni jicho la ndege

Tuanze na huyo mweusi wa kwenye waya. Huenda ni mlamba (Dicrurus adsimilis): mkia umechanika pande mbili, jicho jekundu, mkorofi hata kwa mwewe. Lakini yuko mwingine, Melaenornis pammelaina, mweusi vilevile, anayekaa mahali pa wazi vilevile na kushukia wadudu vilevile. Tofauti ni kwamba jicho lake ni la kahawia iliyoiva na mkia wake umekatika karibu sawasawa. Wa tatu ni dume la Campephaga flava, ambaye ana ngozi ya manjano pembeni mwa mdomo na hupenda kujipenyeza kwenye majani akitafuta viwavi. Ndege watatu, rangi moja. Kinachowatenganisha ni jicho, pembe ya mdomo na ncha ya mkia.

Kwera, wale wafumaji wa viota, nao ni hivyohivyo. Kwenye minazi ya pwani utakuta dume la Ploceus bojeri, manjano na kichwa cha rangi ya chungwa, jicho jeusi. Na utakuta Ploceus subaureus, manjano pia, lakini jicho lake linaelekea wekundu. Nairobi, kwera wa bustanini aliye wa kawaida zaidi ni Ploceus baglafecht, na jicho lake la manjano iliyofifia linamtangaza kabla hujaangalia kitu kingine. Kwa hiyo swali langu kwa kila kifaa ni moja: je, ndege akiwa mita kumi, kitanionyesha rangi ya jicho?

Swali hilo linahesabika. Shorewanda, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, ana urefu wa sentimita kama 18; tuseme 20 ili hesabu iwe nyepesi, na jicho lake tuseme milimita 5. Yuko mita 10 kutoka ulipo, na picha yako ina upana wa pikseli 4,000, yaani vitone vinavyoiunda. (Milimita za lenzi ninazozitaja chini ni zile za kulinganishia ambazo watengenezaji huzitoa kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, ili vifaa vya aina tofauti viwekwe kwenye mzani mmoja.)

Simu: hodari wa karibu

Lenzi kuu ya simu nyingi ni milimita 24 hadi 26. Kwa umbali wa mita 10 inachukua upana wa karibu mita 14 za ua wako, ukuta wa jirani ukiwemo. Shorewanda anapata pikseli 58 hivi, na jicho lake pikseli moja na nusu. Hapo hakuna rangi ya jicho. Kuna alama nyeusi kwenye alama nyeusi. Simu za bei kubwa zenye lenzi ya pili inayovuta mara tano, sawa na milimita 120, zinampa shorewanda pikseli 267 na jicho pikseli 7. Unaweza kuanza kubahatisha.

Ukivuta zaidi ya hapo kwa vidole kwenye kioo, simu inakata kipande cha picha na kukipanua, halafu programu yake inalainisha hapa na kunoa pale. Mistari ya manyoya inayojitokeza inaweza kuwa kazi ya programu, haimo kwa ndege. Kwa picha ya familia hilo halina madhara. Kwa kutofautisha ndege wawili wanaotofautiana kwa michirizi ya kifua, ni hatari, kwa sababu picha inaonekana ya uhakika kuliko ilivyo. Ukitumia simu, piga kwa lenzi halisi uliyonayo na uache ndege awe mdogo.

Ila simu ina uwezo ambao watu hawautumii: haimtishi ndege ikiwa peke yake. Iegemeze kwenye tofali mita moja kutoka kwenye sahani ya maji, washa video, ingia ndani. Kwa mita moja, shorewanda yuleyule anapata pikseli 580 za picha, na jicho pikseli 14. Video ina pikseli chache kuliko picha ya kawaida, lakini utapata mwendo, namna anavyotikisa mkia, nani anamfukuza nani. Na simu inarekodi sauti, jambo ambalo kwa ndege wa kichakani ni nusu ya kazi. Yule mwimbaji wa alfajiri mwenye nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa (Cossypha heuglini, wengine humwita kurumbiza) utamsikia mara nyingi kabla ya kumwona, na rekodi ya nusu dakika kutoka kwenye simu inatosha mjuzi akutajie jina lake.

Darubini, ukiwa na simu au bila simu

Darubini haipigi picha, na bado naiweka ya kwanza kununuliwa. Sababu ni kwamba kutambua ndege ni kuangalia, na kamera yoyote inakunyima sehemu kubwa ya kuangalia: unashughulika na kitufe, fokasi, betri. Kwa darubini unaona jicho la mlamba likiwa jekundu papo hapo, bila kungoja.

Iko pia jamii ya ndege ambao picha haiwafai kabisa. Teleka wanaozunguka juu ya ghorofa jioni ni mfano. Apus affinis ana kiraka cheupe juu ya kiuno na mkia mfupi; Cypsiurus parvus ni mwembamba, mkia mrefu uliochongoka, na hukaa karibu na minazi na mivumo kwa kuwa hutundika kiota chake kwenye makuti. Kuwafuata kwa kamera ni kupata anga tupu. Kwa darubini, kiraka cheupe unakiona kwenye mzunguko wa pili au wa tatu.

Kati ya 8x42 na 10x42, kwa uani chukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Inayokuza mara kumi inaonyesha eneo dogo zaidi na inakuza pia mtetemo wa mikono. Ndege akirukaruka ndani ya mwembe, utampoteza. Ile ya mara nane pia inaingiza mwanga mwingi zaidi jichoni: gawanya 42 kwa 8 unapata milimita 5.25, gawanya kwa 10 unapata 4.2, na tofauti hiyo utaihisi saa kumi na mbili jioni. Kitu kimoja cha kukagua dukani, ambacho muuzaji hatakitaja: umbali wa karibu kabisa inaoweza kuona vizuri. Ziko darubini zisizoona kitu kilicho chini ya mita tano. Kwa mbuga hilo si kitu. Kwa ua wa mita nane ni nusu ya ua kupotea.

Kupiga picha kwa kuiegemeza simu kwenye kioo cha darubini kunawezekana. Simu ya milimita 26 nyuma ya darubini ya mara nane inakuwa kama milimita 208, na jicho la shorewanda linafika pikseli 11. Kuna vishikizo vya plastiki vya kuviunganisha. Inafaa kwa bundi aliyelala, mwewe aliyetulia juu ya mnara, kwarara anayechokoa majani. Kwa chozi, kidege cha kunyonya maua, usijaribu.

Kamera ya kuvuta

Hizi ni kamera ambazo lenzi yake haibanduki, inatoka yenyewe kama pua na kuvuta mbali sana. Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015 inafika milimita 2,000. P950 ya 2020 inafika hapohapo. P1000 ya 2018 inafika milimita 3,000. Canon PowerShot SX70 HS, ya 2018 pia, inaishia milimita 1,365 lakini ina uzito wa gramu 610 tu, wakati P900 inakaribia gramu 900 na P1000 inapita kilo moja na robo.

Turudi kwa shorewanda. Kwa milimita 1,000, yaani nusu ya uwezo wa P900, picha nzima ina upana wa sentimita 36 kwa umbali wa mita 10, na jicho linapata pikseli 55. Rangi, pete ya kuzunguka jicho, nywele za pembeni mwa mdomo, vyote vipo. Ndege aliye mita 30, juu ya mnazi wa jirani, bado anasomeka. Hakuna kifaa kingine cha bei inayokaribia hiyo kinachofanya hivyo, na ndiyo maana naipendekeza.

Gharama yake ni mwanga. Kihisi cha kamera hizi, kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo, milimita 6 kwa 4.6 hivi, na lenzi ikivutwa hadi mwisho inafunguka f/6.5 tu (P1000 ni f/8; namba ikiwa kubwa, mwanga ni mdogo). Mchanganyiko huo unamaanisha kwamba chini ya kivuli cha mwembe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kamera itapandisha ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) na manyoya yatageuka mchanga. Saa moja na nusu hadi saa tatu, na tena saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, ndizo saa zake. Adhuhuri ina tatizo jingine ambalo watu huilaumu kamera bure: hewa ya moto juu ya mabati inacheza, na kwa milimita 2,000 ndege juu ya paa anaonekana kama yuko ndani ya maji. Hata lenzi ya bei ya gari haitibu hilo. Sogea karibu au ngoja jioni.

Fokasi yake pia ni nzito. Ndege akiwa nyuma ya vitawi, kamera inanasa vitawi. Dawa ni kuiweka isome nukta moja ndogo ya katikati, na kuanza ukiwa hujavuta, umweke ndege katikati, ndipo uvute. Ukianza na milimita 2,000 utazunguka majani mpaka ndege aondoke.

Zipo za daraja la juu, kama Sony RX10 IV ya 2017, yenye kihisi kikubwa zaidi cha inchi moja, lenzi ya f/4 inapofika milimita 600, na fokasi ya kasi. Ni kamera nzuri sana. Bei yake inaingia mtaa wa lenzi ndefu, na mwenye kiasi hicho ana chaguo jingine la kufikiria.

Ukinunua ya mtumba, iwashe na kuizima mara kadhaa uisikilize lenzi inavyotoka. Mlio wa kukwaruza ni mchanga. Piga picha ya anga tupu uangalie madoa: vumbi likishaingia ndani ya kamera hizi huwezi kulifuta mwenyewe, kwa kuwa lenzi haitoki.

Lenzi ndefu kwenye kamera ya kubadilisha lenzi

Kihisi cha kamera ya kawaida ya aina hii, kwa mfano ya Canon yenye milimita 22.3 kwa 14.9, kina eneo kubwa takriban mara kumi na mbili kuliko cha kamera ya kuvuta. Faida yote inatoka hapo: saa kumi na mbili na nusu asubuhi inawezekana, manyoya yanabaki manyoya, na fokasi inamfuata ndege akiruka. Lenzi za milimita 150 hadi 600 za Tamron na Sigma, na ile ya Nikon ya 200 hadi 500 ya mwaka 2015, ndizo zilizowafungulia mlango wapiga picha wasio na fedha za magazeti makubwa. Bado ni ghali, na zina uzito wa karibu kilo mbili au zaidi kila moja.

Watu husahau njia ya katikati. Kamera kuukuu ya kubadilisha lenzi, ya mtumba, pamoja na lenzi ya 55 hadi 250 au 70 hadi 300, inaweza kupatikana kwa fedha zinazokaribia kamera ya kuvuta. Milimita 250 kwenye kihisi cha Canon ni sawa na 400 za kulinganishia, na jicho la shorewanda wetu linapata pikseli 22. Inatosha kwa mita 10, inachoka kwa mita 20.

Kwa hiyo uamuzi kati ya hizi mbili unategemea ua wako na mbingu yako. Nairobi na Arusha, miezi ya Juni hadi Agosti, asubuhi ni mawingu mazito na bustani zina ua wa miti na vivuli. Ndege wako karibu, mwanga ni haba. Hapo kamera kuukuu yenye kihisi kikubwa inaishinda ile ya kuvuta. Mwanza au Kisumu, kwenye mteremko unaotazama ziwa, ndege wako wazi na mbali, jua ni jingi: kamera ya kuvuta. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kwa nyumba nyingi, ya kuvuta pia.

Ukiwa unawapenda chozi kuliko ndege wengine wote, kanuni inageuka. Chozi ana sentimita kumi au kumi na moja, hatulii, na rangi yake ya kumetameta inaonekana kwa pembe fulani tu ya mwanga. Ukimkosa kwa nyuzi chache ni ndege mweusi. Anahitaji kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka) ya 1/1000 ya sekunde au zaidi na picha nyingi mfululizo. Kamera ya kuvuta itakupa dume mmoja mzuri kwa bahati. Lenzi ya 70 hadi 300 kwenye kihisi kikubwa, ukiwa umekaa mita nne kutoka kwenye ua la mgomba, itakupa wengi.

Pwani lenzi zote zina adui mmoja: ukungu. Unyevu ukiingia kati ya vioo na kamera ikafungiwa kwenye begi lake la kitambaa, nyuzi nyeupe zinaota ndani ya lenzi na kula ngozi ya kioo. Hifadhi kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaoziba, pamoja na vifuko vya silika jeli, na itoe juani na hewani mara kwa mara. Aliye na lenzi tatu ana kazi hiyo mara tatu, na hili nalo ni la kuhesabu kabla ya kununua.

Jina la ndege: kitabu, programu, au watu?

Picha imepatikana. Sasa nani aseme?

Kitabu kinachotumika zaidi kwetu ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, toleo la kwanza 2002, la pili 2020. Kinafunika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na ubora wake mkubwa ni kwamba dume, jike na kinda wamechorwa pamoja, wakiwa na ramani. Programu inakupa jibu; kitabu kinakuonyesha majibu yote uliyoyakataa. Udhaifu wake: Kiingereza kitupu, bei, na zaidi ya aina elfu moja za ndege kwenye kurasa ambazo mgeni hajui pa kuzifungua. Mtu anayeanza kwa kitabu peke yake huchoka.

Merlin, programu ya simu ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell katika jimbo la New York, ilitoka mwaka 2014 na ni ya bure. Unapakua kifurushi cha eneo lako mara moja, baada ya hapo inafanya kazi bila bando. Inaweza kukuuliza maswali machache (wapi, lini, ukubwa gani, rangi gani, alikuwa akifanya nini) au kuisoma picha yako. Kwa mgeni, maswali hayo ni shule: baada ya muda unajikuta unamtazama ndege kwa mpangilio huo bila simu. Kwa picha, ni hodari kwa ndege wenye sura ya peke yao. Kwa majike ya kwera na ya chozi inapotea, kama tunavyopotea sote. Kwa sauti kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa programu hizi zimefunzwa kwa rekodi zilizochangwa na watu, na waliochanga wengi wako Marekani na Ulaya. BirdNET, programu ya kutambua sauti iliyoundwa na Cornell pamoja na chuo kikuu cha Chemnitz cha Ujerumani, nayo chukua jibu lake kama dokezo.

Njia ya kuikagua programu ni kalenda. Phylloscopus trochilus, kidege cha kijani-manjano cha gramu tisa hivi, huja bustanini kwetu kutoka Ulaya na Siberia kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Keremkerem wa Ulaya (Merops apiaster) hupita pia kwa majira. Programu ikikutajia mmoja wao katikati ya Julai, usiandike. Ndege mdogo wa kijani wa mwezi Julai ana jina jingine, na kulitafuta ndiko kunakofundisha.

iNaturalist, iliyoanzia Berkeley mwaka 2008, ni tofauti: mashine inapendekeza, lakini watu ndio wanaothibitisha. Unapandisha picha, wajuzi wanatoa maoni, na rekodi inapanda daraja pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wanapokubaliana. Jibu linaweza kuja baada ya saa moja au baada ya mwezi. Nimeiona ikisahihisha makosa ambayo Merlin iliyatamka kwa uhakika wote, na kwa ndege mgumu ndiko ninakopeleka picha. Inapokea pia vipepeo, mijusi na magugu ya uani, kwa hiyo watoto wa nyumbani huipenda zaidi.

eBird, iliyoanza 2002, haitambui ndege kwa niaba yako. Kazi yake ni kukuambia nani anatarajiwa katika eneo lako mwezi huu, na kuhifadhi orodha zako. Ukiandika ndege asiyetarajiwa, kuna wahakiki wa kujitolea watakaokuuliza ushahidi. Hapo ndipo picha mbaya yenye jicho linaloonekana inakuwa na thamani kuliko picha nzuri ya mgongo. Kenya ina pia Kenya Bird Map, ambayo imeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha ya uani kwako inaingia humo. Tanzania ina mradi wake wa atlasi, Tanzania Bird Atlas, uliokusanya kumbukumbu kwa miongo kadhaa.

Lakini ningekuwa na asubuhi moja tu ya kumfundisha mtu, ningempeleka kwa watu. Nairobi kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano ya Nature Kenya, yaliyoanza miaka ya 1970. Chama chenyewe kina mizizi ya mwaka 1909. Kusimama kando ya mtu anayekuambia "msikilize, huyo hapo kushoto, subiri ageuke" kunakata miezi ya kuhangaika na kurasa. Mji wako ukikosa matembezi kama hayo, ongozana na mwongoza wageni wa msitu ulio karibu. Wengi wao wanawajua ndege kwa sikio tu.

Kuwaita: maji, nafaka au mimea

Kifaa kizuri hakina kazi kama ndege hawaji. Nafaka ndiyo inayojulikana zaidi, nami ndiyo ninayoishauri kidogo zaidi kwa pwani. Itakuletea shomoro, tetere na kwera, na itakuletea kunguru mwenye shingo ya kijivu (Corvus splendens), aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na sasa ametapakaa pwani yote. Kunguru huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine. Usiku mabaki yanawaita panya.

Maji yanashinda. Sahani pana ya udongo, kina kisichozidi vidole viwili, ikae mahali pa wazi karibu na kichaka: ndege anataka pa kukimbilia na hataki pa paka kujificha. Wasiokula nafaka, kama chozi, kurumbiza na mlamba, watakuja kunywa na kuoga, na mahali pa maji ndipo ndege hutulia ukapata jicho lake. Sugua kingo za sahani na kubadilisha maji kila siku mbili. Mbu wa dengi hutaga kwenye kingo za vyombo kama hivyo, na Dar es Salaam inaikumbuka vizuri milipuko ya dengi ya 2014 na 2019.

Mimea ni ya mwenye subira. Shubiri na mgomba kwa chozi; mpapai kwa kuzumburu na shorewanda, ukikubali kuwaachia papai la juu kabisa.

Jirani, ramani na bundi

Lenzi ndefu inayotokeza dirishani humwelekea jirani kabla ya kumwelekea ndege. Mwonyeshe picha zako mapema, mtajie ndege uliyempata kwenye mti wake. Ukaribu huo utakupa ruhusa ya kuingia ua wa pili. Nyumba ikiwa karibu na kambi au ofisi nyeti ya serikali, elekeza kamera upande mwingine kabisa.

Kumbuka pia kwamba picha za uani zina anwani ya nyumbani kwako. iNaturalist hukuruhusu kuificha nukta halisi ili ramani ionyeshe eneo pana tu. Washa mpangilio huo kabla ya picha ya kwanza. Na ukimpata bundi, hasa Tyto alba anayependa kulala darini, ficha mahali alipo hata kwa marafiki wa mtandaoni. Bado wapo wanaowaua bundi kwa imani za uchawi, na bundi hurudi darini palepale kila alfajiri.